Ukitaka kutunga filamu ya wizi wa bima, anza na dosiye

Wadogo zangu wa Lubumbashi mnaotunga filamu, miswada mnayoniletea kuhusu wizi wa bima ina nguvu, lakini karibu yote inakosa kitu kilekile. Ukurasa wa kwanza bastola, wa pili gari jeusi lenye vioo vya giza, wa tatu mtu anakimbilia mpaka wa Kasumbalesa na begi la dola. Bima yenyewe imetajwa mara moja tu: "Alikuwa amekata bima ya dola milioni moja." Baada ya hapo ni mbio mpaka mwisho. Ukiiondoa bima ukaweka almasi, au urithi wa babu, filamu haibadiliki hata kidogo.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya madai ya bima hapa mjini kabla sijaanza kuwasomea vijana miswada yao, na ninalotaka kuwaambia ni hili: kwenye wizi huu, silaha ni karatasi. Mwizi wa bima havunji mlango. Anapanga foleni, anasalimia, anatoa karatasi zake, anasubiri kulipwa kwa heshima zote. Wasiwasi wote wa filamu uko hapo. Je, karatasi itapita? Nani ataisoma? Nani amelipwa ili asiisome? Kama hujui karatasi inavyotembea kutoka meza moja hadi nyingine, utalazimika kuleta bastola, maana hutakuwa na kitu kingine cha kumtia mtazamaji hofu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tukio lolote, tengeneza dosiye nzima, yaani faili lote la madai, kwa mkono wako. Chukua ajali ya kawaida: Hiace ya abiria imemgonga baba aliyekuwa anavuka barabara ya Chaussée de Kasenga jioni. Polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, anafika, anaandika PV (taarifa rasmi ya ajali) na kuchora mchoro wa barabara: gari lilitoka upande gani, alama za breki zinaanzia wapi, mtu aliangukia wapi. Daktari anaandika cheti cha kwanza cha majeraha. Mwenye gari analeta kadi ya gari, leseni ya dereva na cheti cha bima. Baba akifariki, kuna cheti cha kifo, halafu kikao cha familia cha kumpata likidatere, msimamizi wa mirathi, ambaye mahakama inapaswa kumthibitisha. Kampuni inamtuma eksperi wake, mtaalamu wa kukagua hasara. Karani wa madai anaandika makadirio ya fidia, mkuu wake anaidhinisha, mhasibu analipa, na anayelipwa anatia saini kwamba amepokea na hadai tena.

Sasa pembeni ya kila karatasi andika jina la aliyeitia saini. Huyo ni mtu mwenye mshahara uliochelewa au uliowahi, mwenye mtoto shuleni, mwenye jirani anayemwonea wivu. Kwa kila mmoja jiulize maswali mawili: ana nini cha kuuza, na ni kitu gani hatakubali kukiuza? Polisi anaweza kuuza mstari mmoja wa mchoro, ule unaoonyesha gari lilikuwa upande wake. Daktari anaweza kuuza siku za mapumziko. Karani anaweza kuuza nafasi kwenye foleni. Mkuu anaweza kuuza kimya chake, na hicho ndicho ghali kuliko vyote. Ukimaliza zoezi hilo una wahusika wako wote, na kila mmoja ana sababu ya kuwemo.

Kile kikao cha familia msikiruke. Naona wengi mnakipita kwa sababu hakina mbio, lakini hapo ndipo nimeona watu wakivunjika kuliko mahali pengine popote. Mjane amekaa chini kwenye mkeka na watoto wake. Shemeji zake wamekaa kwenye viti. Muyomba (mjomba) fulani amefika kutoka Likasi na koti lake zuri, hajaonekana tangu ndoa, naye ndiye anayeongea zaidi. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto na mjane haki zao, lakini kwenye mkeka ule wanaoijua ni wachache, na anayeijua anaweza kuwa ndiye asiyetaka isomwe. Kisha mlangoni anatokea kijana mpole mwenye begi la ngozi, anasema anajua ofisi ile, dosiye inaweza kulala mwaka mzima, lakini yeye yuko tayari kutoa dola mia tano leo hii, taslimu, mjane atie saini tu hapa. Kijana huyo hajasema uongo hata mmoja. Ofisi ile dosiye hulala kweli. Anayeilaza ni rafiki yake.

Hapo mna nusu saa ya filamu bila mtu kupandisha sauti.

Niwaonyeshe tundu moja kwa karibu, maana mnapenda kuniuliza mpelelezi wa bima anagundua vipi. Tundu la zamani kabisa ni kukata bima baada ya ajali. Gari limegonga Jumamosi usiku, halina bima. Jumapili asubuhi mwenye gari anakwenda nyumbani kwa wakala, si ofisini, anabisha kidogo, anakaribishwa chai. Wakala anafungua kitabu chake cha vyeti na kuandika tarehe ya Alhamisi iliyopita. Mhuri upo, saini ipo, kila kitu ni halali isipokuwa tarehe. Kwenye meza ya madai karatasi ile inang'aa kwa ukweli. Lakini vyeti vina namba zinazofuatana. Cheti kilichotangulia katika kitabu kile, namba moja tu nyuma, alipewa dereva wa taksi Jumamosi mchana. Cheti cha Alhamisi kimewezaje kutoka baada ya cha Jumamosi?

Sasa fikirini tukio lenyewe. Mpelelezi wenu hana haja ya kumkaba mtu. Anakwenda kwenye kituo cha taksi, anamtafuta dereva yule, anamwomba kwa upole: "Papa, naomba nione karatasi yako ya asiransi." Dereva anaingiwa na hofu, anadhani ni yeye anayetafutwa. Anafungua kisanduku cha mbele ya gari, anatoa kitambaa cha kufutia vioo, kalamu isiyoandika, picha ya mtoto, na mwisho kabisa cheti kilichokunjwa mara nne. Mpelelezi anasoma namba. Anasoma tarehe. Anashukuru, anarudisha. Dereva yule hatajua kamwe kwamba ameiangusha njama nzima. Mtazamaji aliyeelezwa jambo la namba dakika kumi zilizopita atakuwa ameshikilia kiti chake.

Siri ya tukio kama hilo ni kumpa mtazamaji elimu mapema na kwa ufupi. Katika matukio ya mwanzo mwonyesheni wakala akichana cheti kutoka kitabuni na kumpa mteja wa kawaida, kamera ikae sekunde mbili kwenye kishina kilichobaki chenye namba. Msieleze. Mtu wetu wa mtaa wa Katuba au wa Kenya hapa mjini ameshika risiti za kila aina maishani mwake. Ataelewa mwenyewe wakati ukifika.

Moto nao una mambo yake. Ghala likiungua Kampemba usiku, wachunguzi wa moto wataangalia mahali ulipoanzia, kama umeanza sehemu zaidi ya moja, kama kuna harufu ya petroli. Hayo mmeyaona mara nyingi. Lakini kuna swali jingine ambalo eksperi mzoefu huuliza taratibu huku akinywa maji: ni vitu gani havikuungua? Picha ya harusi iliyokuwa ukutani ofisini iko wapi? Mbona wiki ile ilipelekwa nyumbani? Diploma ya mtoto? Biblia ya marehemu mama? Mtu anayejua moto unakuja anaweza kukubali kupoteza magunia mia mbili ya unga, lakini haachi picha ya mama yake iungue.

Hili si jambo la Lubumbashi peke yake. Januari 1980 meli ya mafuta iliyoitwa Salem ilizama mbele ya pwani ya Afrika Magharibi. Ilikuwa imepakia mafuta ghafi Kuwait, karibu tani laki mbili, na nahodha alidai milipuko imeizamisha ghafla. Meli ya Uingereza, British Trident, iliwaokoa mabaharia. Waokoaji walishangaa kuona watu waliokimbia milipuko ya ghafla wana masanduku yao yamefungwa vizuri, na hata mikate ya safari wanayo. Baadaye ilijulikana kwamba sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa imeshushwa kwa siri Durban, kwa Afrika Kusini ya ubaguzi iliyokuwa imewekewa vikwazo vya mafuta, na matangi yakajazwa maji ya bahari. Someni kisa kile kwa makini. Mpango ulihusisha nchi kadhaa na mamilioni ya dola, na kilichowatia watu shaka kwanza kabisa ni masanduku. Mwandishi wa filamu anapaswa kutafuta sanduku lake.

Kuhusu rushwa, tatizo la miswada yenu ni kwamba watu wanaitamka. Mhusika anasema, "Nipe dola elfu mbili nikupitishie dosiye." Katika miaka yangu yote kwenye meza ile sikusikia mtu akisema hivyo. Rushwa ya kweli haina kitenzi cha kutoa. Kuna salamu, kuna kuulizana watoto, kuna malalamiko kuhusu bei ya unga. Halafu:

"Vieux, dosiye iko. Inaomba tu kusukumwa."

"Tunaisukuma namna gani, mwanangu?"

"Eksperi anapaswa kufika kwenye gari, na unajua pikipiki ya serikali haina mafuta."

Hakuna gari wala pikipiki inayohitaji kwenda popote. Wote wawili wanajua. Mzee anauliza tu mafuta ni lita ngapi, na lita zinazotajwa zingetosha kufika Kolwezi na kurudi. Angalieni pia lugha inavyohama. Mezani, mbele ya watu, karani anaongea Kifaransa cha barua, "Papa, il faut patienter" (inabidi kuvumilia). Wakitoka kwenye korido, karibu na dirisha, anahamia Kiswahili chetu, sauti inashuka, na pale ndipo kazi inafanyika. Mkiandika mazungumzo yote kwa lugha moja mnapoteza ramani nzima ya ofisi. Na mhusika anayekataa kuhama, anayebaki na Kifaransa hata kwenye korido, mtazamaji wa hapa atamtambua papo hapo kuwa ni mtu mgumu, au mtu mwoga.

Sheria yetu ya Machi 2005 iliyorekebisha vifungu vya rushwa katika kanuni ya adhabu inawahusu anayetoa na anayepokea. Litumieni hilo. Yule mzee wa mafuta, akitaka kusema ukweli baadaye, anajishtaki mwenyewe. Mnyororo wote unashikana kwa sababu hiyo, na mpelelezi wenu kila anapoomba ushahidi anamwomba mtu aingie hatarini pamoja naye.

Wengine mnataka filamu ifike juu, kwa wakubwa. Ni haki yenu. Lakini mkubwa katika miswada yenu anakaa kwenye kiti kirefu, anavuta sigara nene, ndiye aliyepanga yote. Nawapa kisa cha Ulaya mkifikirie. Januari 1977 meli ya mizigo Lucona ilitoka Italia, ikalipuka na kuzama katika Bahari ya Hindi karibu na Maldives. Watu 6 kati ya 12 waliokuwemo walikufa. Mwenye mzigo, Udo Proksch, aliyemiliki duka maarufu la keki la Demel mjini Vienna, alidai kwamba mzigo ni mtambo ghali wa kusindika urani, akadai fidia ya shilingi za Austria milioni 212. Kampuni ya bima ilikataa kulipa, na kesi ikaburuzwa kwa miaka. Kwa nini iliburuzwa? Proksch alikuwa na marafiki serikalini, watu waliokunywa kahawa juu ya duka lake. Hakuna aliyelazimika kutega bomu kwa ajili yake. Mmoja alisaidia kupatikana kwa hati zilizomtoa kizuizini, mwingine alichelewesha uchunguzi. Mwaka 1989 kashfa iliwang'oa waziri wa mambo ya ndani na rais wa bunge. Mwaka 1991 mabaki ya meli yalipatikana chini ya maji, zaidi ya mita 4,000, na mzigo ule wa kifalme haukuwemo. Mwaka 1992 Proksch alihukumiwa kifungo cha maisha.

Miaka kumi na tano kutoka mlipuko hadi hukumu hiyo. Ninachowaomba mkione ni kazi ya wale wakubwa ndani ya hadithi. Wao walitoa barua, walitoa simu, walitoa muda. Muda ndio zawadi kubwa anayoweza kutoa mkubwa kwa mwizi. Mkubwa wenu katika filamu aandikwe hivyo: mtu mstaarabu anayeomba tu dosiye "iangaliwe kwa utulivu", na utulivu huo unaua mashahidi mmoja mmoja kwa uzee, kwa kuhamishwa, kwa kuchoka. Anatisha kuliko mwenye sigara.

Sasa ukubwa wa wizi. Mnaandika mamilioni bila kusema yanatoka wapi, wakati jiji letu lina jibu kila siku kwenye barabara ya kusini. Lori la shaba linalokwenda Kasumbalesa, kilomita zisizofika mia kutoka hapa, linaweza kubeba tani thelathini na zaidi za zile sahani za shaba. Mwaka 2024 tani moja ilivuka dola 10,000 kwenye soko la London. Pigeni hesabu: lori moja, dola laki tatu, limesimama kwenye foleni ya mpakani siku kadhaa, dereva analala chini yake. Mzigo uko chini ya bima ya safari mpaka bandarini, Durban au Dar es Salaam. Lori "likitekwa", nani anahakikisha kwamba shaba ilikuwemo? Kuna karatasi ya mizani, kuna lakiri yenye namba, kuna hati ya kutoka mgodini. Mkiamua kwamba shaba ilishashushwa kwenye ua fulani kabla ya lori kutekwa, basi lazima mtu wa mizani ameandika uzito ambao lori halikuwa nao. Mtafuteni huyo. Anaweza kuwa kijana wa miaka ishirini na tatu aliyetoka UNILU, chuo kikuu chetu, juzi, kazi yake ya kwanza. Filamu nzima inaweza kuwa yake.

Na hadithi yenu iwe ya mwaka gani? Jibu linabadilisha njama. Tangu 1966 nchi ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, ya serikali, SONAS. Sheria ya bima ya Machi 2015 ilifungua soko, na kampuni za binafsi zilianza kupewa leseni mwaka 2019 chini ya mamlaka ya usimamizi iitwayo ARCA. Kama hadithi ni ya 1995, mhusika wenu hawezi kuikatia Hiace moja bima kwenye kampuni mbili, kwa sababu mbili hazikuwepo. Kama ni ya leo, anaweza kujaribu: cheti kimoja huku, cheti kingine kule, ajali moja, madai mawili, kila kampuni ikidhani iko peke yake. Wizi huo unategemea watu wa ofisi mbili kutozungumza, kwa hiyo tukio la hatari ni harusi ambapo karani wa kampuni ya kwanza anakaa meza moja na karani wa kampuni ya pili na wanaanza kusimuliana kazi. Mwandishi aliyeisoma sheria anapata tukio hilo bure.

Nirudi kwa jambo linaloniuma kuliko yote. Katika miswada mingi aliyeibiwa ni "kampuni", na kampuni haina uso, hivyo mtazamaji anamshangilia mwizi. Mshangilieni mkitaka, lakini mjue mnachokishangilia. Bima ni likelemba, yaani upatu, ya watu wasiojuana. Wengi wanaweka kidogo, na yule aliyepatwa na msiba anapokea. Anayechukua zamu isiyo yake, kuna mtu mwingine ambaye zamu yake haitafika.

Nilimwona mama mmoja akija ofisini muda mrefu, mguu wake mmoja ulikuwa umeungwa vibaya baada ya ajali ya basi. Basi lilikuwa na cheti cha bima kwenye kioo, rangi sawa, mhuri sawa. Cheti kilikuwa bandia. Mwenye basi aliapa kwamba alilipa, na alilipa kweli, ila pesa zake ziliishia mfukoni mwa aliyemuuzia karatasi. Kwa hiyo hakukuwa na mkataba, na pasipo mkataba hakuna fidia. Mama alikuwa akija na cheti cha daktari kwenye mfuko wa plastiki, amekifunga kwa raba, anakifungua juu ya meza kila mara kana kwamba hatujakiona. "Mtoto yangu, angalia tena." Bima ya dhima ya magari ni ya lazima nchini tangu sheria ya Januari 1973, na imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa, wasiomiliki gari lolote. Wekeni mtu kama huyo ndani ya filamu mapema, kabla ya mwizi kuonekana mwerevu. Msimfanye alie. Afungue mfuko wake tu.

Mpelelezi wenu naye apewe nyumba. Si lazima awe mlevi, si lazima mke wake awe amekufa. Awe na minerval (ada ya shule) ya watoto Septemba na mwenye nyumba anayedai miezi sita mbele. Siku anayoletewa bahasha iwe siku ambayo bahasha ile ingetatua kitu tunachokijua kwa jina na kwa bei. Akikataa bila gharama, hatumwamini. Akikubali bila sababu, tunamdharau. Na aliye bora zaidi, kwa maoni yangu, ni yule ambaye alishatia saini moja zamani, ndogo, kwa kumhurumia mtu, na sasa kila anayemtaka anaanza kwa kumkumbusha saini ile.

Mwisho wa filamu, msikimbilie pingu. Dosiye nyingi za namna hii huishia kwenye makubaliano: kampuni inalipa nusu, au mdai anaondoa madai yake na hakuna anayeshtakiwa, au wakala anahamishiwa mji mwingine. Kama mnataka mtu afike gereza la Kasapa, chagueni yupi, na muwe mmetuonyesha kwa nini ni yeye na si aliyempita cheo. Mara nyingi anayefungwa ni yule ambaye saini yake inasomeka vizuri zaidi.

Mengine ni ya kazi. Msianze filamu kwa bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cha takataka za shaba. Kila anayepita hapa na kamera amelipiga picha, nasi tunaliona tukienda sokoni. Mvua zikianza Novemba, matukio ya barabarani yatawatesa, kwa hiyo yapangeni kiangazi na vumbi lake. Ya ofisini yanaweza kusubiri. Umeme ukikatika, jenereta ya jirani itaingia kwenye sauti, na filamu hii inaishi kwa minong'ono, basi kodisheni maikrofoni nzuri kabla ya kukodisha gari zuri. Mpakani na penye polisi au wanajeshi msiinue kamera bila kibali cha maandishi, hata ya simu. Kampuni yenu ya bima iwe ya kubuni, jina lake na alama yake visifanane na ya kampuni yoyote iliyopo, na mwanasheria ausome muswada kabla ya siku ya kwanza ya picha.

Na vile vyeti, mihuri na PV mtakazotengeneza kwa ajili ya kamera, zifanyeni zishawishi kwa umbali wa mita moja na zisishawishi mkononi: namba isiyowezekana, nembo isiyokuwepo, jina la ofisi ya kubuni. Mmoja wenu apewe kazi ya kuzihesabu asubuhi na jioni. Siku ya mwisho ya kupiga picha, kabla watu hawajatawanyika, zihesabiwe tena zote pamoja na zile zilizokosewa, zichanwe na kuchomwa mbele ya wote, na mihuri ikatwe kwa kisu, kwa sababu cheti kizuri cha filamu kikisahaulika kwenye begi la mtu, wiki ijayo kinaweza kuwa kwenye kioo cha Hiace.